Shamba la Vougeot: Ukuta Mmoja, Udongo wa Namna Tatu

Kila siku, katika makanisa ya nchi yetu, Padre humimina divai kidogo katika kalisi. Sheria ya Kanisa yataka divai hiyo iwe imetoka katika tunda la mzabibu, wala isiwe imechanganywa na kitu kigeni. Waamini wamezoea kuiona altareni tangu utoto wao, lakini ni wachache waliopata kujiuliza: Mzabibu wenyewe wapenda udongo wa namna gani? Kwa nini mtelemko mmoja hutoa divai inayosifiwa dunia nzima, na hali shamba lililo ng'ambo ya barabara, lenye jua lile lile na mvua ile ile, hutoa divai ya kawaida tu?

Swali hili si la wanywaji peke yao. Hatuandiki haya ili kumvuta mtu kwenye kilabu. Ulevi umekwisha kubomoa nyumba nyingi za Wakristo, wala hatutaki kuuongezea nguvu. Twaandika kwa ajili ya mkulima. Maana swali la mzabibu ni swali la udongo, na swali la udongo lamhusu kila baba na kila mama aliye na shamba la kuwarithisha watoto wake.

Basi, leo twawaongoza wasomaji wetu hadi Ufaransa, katika nchi ya Bourgogne, mahali palipo kilomita 20 hivi kusini ya mji wa Dijon. Hapo pana shamba la mizabibu liitwalo Clos de Vougeot. Neno "clos" maana yake ni kiwanja kilichozungushiwa ukuta; Vougeot ni jina la kijiji kidogo kilicho kando ya kijito cha Vouge. Shamba hilo lina ukubwa wa hekta 50 hivi, yaani kama eka 125, na lote limo ndani ya ukuta mmoja wa mawe. Mtu mwenye miguu mizuri huweza kutoka ukuta wa chini hadi ukuta wa juu kwa mwendo wa dakika kumi hivi. Lakini katika dakika hizo kumi atakuwa amekanyaga udongo wa namna tatu, na hapo ndipo lilipo somo letu.

Watawa waliotoka katika matete

Shamba hilo halikuanzishwa na mfalme wala tajiri. Lilianzishwa na wamonaki. Mwaka 1098 abate mmoja, Roberto wa Molesme, aliondoka katika monasteri yake pamoja na wenzake wachache, akitafuta mahali pa upweke ambapo wangeweza kushika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto bila kulegeza chochote. Walifika Cîteaux, katika tambarare yenye msitu na maji yaliyotuama. Inasemwa kwamba hata jina la mahali hapo latokana na matete yaliyoota humo. Kutokana na Cîteaux lilipatikana jina la shirika lao: Wasistersiani.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto yaagiza sala, na pamoja na sala kazi ya mikono. Tena yamruhusu mmonaki kunywa kipimo kidogo cha divai kwa siku. Divai ilihitajika kwa Misa, kwa meza ya wageni na kwa wagonjwa. Lakini mzabibu haupendi kabisa kusimama katika maji, na Cîteaux palikuwa na maji tele. Ilikuwa hapana budi kutafuta ardhi penginepo.

Upande wa magharibi, kilomita kumi na kadhaa kutoka abasia yao, waliona safu ya vilima vya mawe. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 12 walianza kupewa vipande vya ardhi na wenyeji wa huko, na vingine wakavinunua au kubadilishana. Yapata mwaka 1113, kijana Bernardo, ambaye baadaye tulimjua kama Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, aliingia Cîteaux pamoja na jamaa na rafiki wapatao thelathini. Shirika likakua upesi, na mahitaji yakakua. Kipande kiliongezwa juu ya kipande kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi, mpaka yapata mwaka 1336 ukuta ulipokamilika na kulizunguka shamba lote.

Wasomaji waiangalie hesabu hiyo vizuri. Miaka zaidi ya mia mbili! Mmonaki aliyechimba shimo la kwanza hakuuona ukuta. Wala mwanafunzi wake hakuuona, wala mwanafunzi wa mwanafunzi wake. Kila kizazi kilipokea ardhi, kikajifunza kitu, kikakiacha kwa wengine. Husimuliwa hata leo kwamba wamonaki waliutia udongo kinywani ili kuuonja na kuutambua. Huenda hayo ni masimulizi tu. Lakini jambo lisilo masimulizi ni hili: watu wasiooa, wasio na haraka ya kuuza, wanaoishi mahali pamoja maisha yao yote, walikuwa na nafasi ya kulinganisha mizabibu ya huku na mizabibu ya kule, mavuno kwa mavuno, kwa muda ambao mtu mmoja peke yake hawezi kuupata.

Yatupasa pia kusema ukweli wote. Kazi ya mashamba haikufanywa na mapadre wamonaki peke yao. Mabradha walei, ambao majina yao hayakuandikwa popote, walibeba sehemu kubwa ya mzigo, na baadaye vibarua pia. Tena abasia iliyoanza katika umaskini wa matete ilipata kuwa tajiri sana. Mwaka 1551 abate Jean Loisier alijenga katikati ya mizabibu jumba kubwa la fahari, kando ya ghala ya divai ya karne ya 12. Jumba hilo lingali limesimama, na ndani yake mashinikizo manne makubwa ya mbao yaliyokamua zabibu za watawa yaonekana hata sasa.

Kilima na udongo wake

Sasa tuuache ukuta, tuiangalie ardhi yenyewe.

Zamani sana, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, mahali hapo palikuwa bahari ya maji ya joto na kina kifupi. Viumbe vya baharini vyenye magamba vilikufa, vikaanguka chini, vikalundikana, na kwa muda mrefu usioweza kufikirika vikageuka kuwa miamba ya chokaa. Baadaye sana ganda la dunia likapasuka. Upande wa mashariki ukadidimia na kuwa bonde pana la mto Saône. Upande wa magharibi ukabaki juu. Ukingo wa ufa huo ndio safu ya vilima waliyoiona wamonaki. Hata leo mkulima wa huko akilima huokota mawe yenye alama za kome na chaza, ingawa bahari i mbali naye.

Mtelemko huo waelekea mashariki. Jua la asubuhi huupiga mapema, likakausha umande na kuipasha ardhi moto baada ya usiku wa baridi. Vilima vilivyo nyuma yake huukinga na upepo wa mvua utokao magharibi. Hiyo ni faida ya kwanza, nayo ni ya shamba zima.

Lakini udongo si mmoja. Karibu na ukuta wa juu, udongo ni mwepesi, wa rangi ya kahawia, wenye changarawe nyingi, na unene wake ni kama sentimeta 40 tu. Chini yake pana mwamba wa chokaa. Maji ya mvua hayakai. Hupita katika nyufa na kwenda zake. Katikati ya shamba udongo huongezeka kidogo, kama sentimeta 45, nao una mfinyanzi uliochanganyika na vipande vya chokaa vilivyovunjikavunjika. Chini kabisa, karibu na barabara kuu, ardhi ni kama sakafu. Huko udongo hufikia unene wa sentimeta 90. Ni mzito, una rutuba, na umelalia tabaka la mfinyanzi na chokaa laini lisilopitisha maji upesi. Mvua ikinyesha kwa wingi, mizabibu ya huko husimama na miguu iliyolowa.

Mkulima wa mahindi akisikia hayo atasema mara moja: "Nipeni huko chini, penye udongo mwingi." Kwa mahindi angekuwa na haki. Lakini mzabibu una tabia yake. Ukipewa chakula tele na maji tele, huzaa majani na matawi, na zabibu zake huwa kubwa zenye maji mengi na ladha kidogo. Ukiwekwa mahali pa mawe, hulazimika kupeleka mizizi yake mbali chini, ndani ya nyufa za mwamba, kutafuta unyevu kidogo unaodumu. Huzaa kidogo, zabibu ndogo zenye ganda nene, na ladha yake hukolea. Zabibu ya Vougeot ni ya aina iitwayo Pinot Noir, nyeusi, yenye kichala kidogo. Nayo ni miongoni mwa zabibu zinazoonyesha upesi tofauti ya udongo uliozilea.

Ndiyo maana tangu zamani watu walisimulia kwamba wamonaki walikuwa na divai za daraja tatu: ya juu kwa Baba Mtakatifu, ya katikati kwa wafalme, ya chini kwa wamonaki wenyewe. Hatusemi kwamba mambo yalikuwa hivyo hasa. Lakini hadithi hiyo isingezaliwa kama watu wasingalikuwa wameonja tofauti. Hata ndani ya ukuta sehemu mbalimbali zina majina yake, kama vile Grand Maupertuis kwa juu, au Plante l'Abbé, ambalo ni kumbukumbu ya abate. Na ukipanda ukuta wa juu ukatazama ng'ambo, utaona shamba la Musigny, lenye sifa kuu kabisa katika Bourgogne. Ukitazama ng'ambo ya ukuta wa chini, baada ya barabara, utaona mizabibu ambayo divai yake ni ya daraja la kawaida la nchi hiyo. Udongo wa juu ni ndugu wa Musigny. Udongo wa chini ni jirani wa bonde. Ukuta umeviweka pamoja vitu ambavyo kwa asili vilikuwa mbalimbali.

Kapu mgongoni

Kuna jambo jingine ambalo wakulima wetu watalifahamu pasipo kufundishwa. Udongo wa mtelemko haukai mahali pake. Mvua kubwa ikinyesha, huuchukua na kuushusha bondeni. Pale juu, ambapo udongo ni sentimeta 40 tu, mvua chache kali zaweza kuiba kilichotengenezwa kwa maelfu ya miaka.

Wakulima wa Bourgogne walikuwa na dawa moja, nayo ilikuwa ngumu. Wakati wa baridi, mizabibu ilipokuwa imelala bila majani, waliuchimba udongo uliokuwa umejikusanya chini ya mtelemko, wakautia katika makapu, wakaubeba mgongoni kuurudisha juu. Kapu kwa kapu, mwaka kwa mwaka, karne kwa karne. Hakuna aliyewasifu, na masika yaliyofuata mvua iliushusha tena. Lakini kama wasingalifanya hivyo, leo pangalikuwa na mwamba mtupu.

Adui mwingine alikuja kutoka mbali. Katika karne ya 19 kidudu kidogo sana kiitwacho filoksera, cha namna ya chawa wa mimea, kililetwa Ulaya pamoja na mizabibu ya Marekani. Kilishambulia mizizi na kuikausha mizabibu ya Ufaransa. Mwaka 1878 kilionekana katika mkoa wa Côte-d'Or, ambamo Vougeot imo. Dawa za sumu zilijaribiwa, lakini wokovu ulipatikana mahali ulikotoka ugonjwa wenyewe: mizizi ya mizabibu ya Kimarekani ilikuwa imezoea kidudu hicho. Kwa hiyo wakulima walipandikiza vikonyo vya Pinot Noir juu ya mizizi ya Marekani. Na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo: tawi ni la Bourgogne, mzizi ni mgeni, udongo ni ule ule.

Kabla ya hapo, shamba halikuwa na mistari. Mzabibu ukizeeka, mkulima aliulaza chini tawi lake na kulifukia, likaota mizizi na kuwa mzabibu mpya kando ya mama yake. Basi mizabibu ilisimama ovyo kama watu sokoni. Baada ya kupandikiza ilipandwa kwa mistari, na farasi aliweza kupita na plau. Katika karne ya 20 lilikuja trekta refu lenye kupita juu ya mistari. Kazi ilipungua, lakini udongo ulishindiliwa na uzito wa mashine, na dawa za kuulia magugu zikadhoofisha wadudu na minyoo ambao ndio watumishi wa ardhi. Wakulima wengi wa Bourgogne wamekwisha kuliona kosa hilo. Wengine wameziacha dawa hizo, na wapo waliomrudisha farasi shambani, si kwa kupenda ya kale, bali kwa sababu kwato hazishindilii ardhi kama magurudumu.

Bwana mmoja, mabwana themanini

Kwa muda wa miaka karibu mia saba shamba lilikuwa na bwana mmoja, abasia. Mwezi Novemba 1789, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mali ya Kanisa iliwekwa chini ya serikali. Mwaka 1791 Clos de Vougeot liliuzwa. Watawa walitawanyika. Abasia ya Cîteaux yenyewe ilikuja kurudiwa na wamonaki mwaka 1898, nao wamo humo hadi leo, wakitengeneza jibini. Lakini mizabibu hawakurudishiwa.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba hata baada ya kuuzwa, shamba halikukatwa vipande. Lilipita mkono kwa mkono. Mwaka 1818 lilinunuliwa na mtu wa jamaa ya Ouvrard, na kwa miaka mingi likabaki zima. Ni mwaka 1889 ndipo lilipouzwa kwa wanunuzi 15. Tangu hapo, kwa kuuziana na kwa kurithishana, lilizidi kugawanyika. Sheria ya Ufaransa tangu mwaka 1804 humpa kila mtoto haki yake katika urithi wa wazazi, nayo ni sheria ya haki. Lakini ardhi haiongezeki kadiri watoto wanavyoongezeka. Leo wenye shamba ni kama 80. Tukizigawa hekta 50 kwa watu 80, kila mmoja angepata kama eka moja na nusu. Wengine wana mistari michache tu.

Ukuta ungaliko. Jina lingaliko. Lakini ndani ya ukuta huo pana mabwana themanini: mmoja hupogoa mapema, mwingine kwa kuchelewa, mmoja huacha vichala vingi ili apate mapipa mengi, mwingine hupunguza ili apate divai bora, mmoja ana udongo wa juu, mwingine wa chini. Mwaka 1937 serikali ya Ufaransa iliweka sheria rasmi ya jina hilo, na karibu shamba lote, juu na chini, lilipewa daraja la kwanza lile lile. Basi mnunuzi wa leo akiona jina "Clos de Vougeot" juu ya chupa, hajajua bado ni udongo gani uliokuwa chini ya mzabibu, wala ni mikono gani iliyoutunza. Hana budi kulisoma jina la mkulima pia.

Watu wengine huilaumu sheria hiyo. Husema ilifuata ukuta na kuusahau udongo. Twaona neno lao lina ukweli, lakini si ukweli wote. Maana wajuzi wa mahali hapo hukiri kwamba mkulima hodari mwenye ardhi ya chini huweza kumshinda mvivu mwenye ardhi ya juu. Akichimba mifereji ya kuondoa maji, akipunguza mavuno, akisubiri siku ifaayo, divai yake itakuwa ya kupendeza. Tena mambo ya hewa yanabadilika. Wataalamu wamezikusanya tarehe za mavuno ya zabibu katika mji wa Beaune, ulio kusini ya Vougeot, tangu mwaka 1354 hadi mwaka 2018. Wameona kwamba tangu mwaka 1988 mavuno yameanza siku 13 mapema zaidi kuliko wastani wa karne zilizotangulia, kwa sababu ya joto na ukame. Katika mwaka wa ukame mkali, udongo wa chini, ulio mnene na wenye kutunza unyevu, huufariji mzabibu wakati ule wa juu unapoteseka. Huenda wajukuu wa wakulima wa leo wataisimulia upya ile hadithi ya daraja tatu.

Kwa hiyo elimu ya udongo si kitu kinachomalizika. Wamonaki walijifunza kwa karne nyingi, na bado hewa ikibadilika kidogo kitabu hufunguliwa upya. Mwaka 2015 shirika la UNESCO liliviandika vipande vya mizabibu vya Bourgogne, Vougeot ikiwa kati yake, katika orodha ya urithi wa dunia. Haikuwa kwa sababu ya divai tu, bali kwa sababu watu wa huko, kwa muda mrefu hivyo, walijishughulisha kutambua kila kipande cha ardhi, kukipa jina na kukiheshimu.

Somo hili lina njia ya kufika kwetu

Mzabibu si mgeni tena katika Tanzania. Ulipandwa Dodoma na wamisionari Wakatoliki, na Bihawana ni mojawapo ya mahali ulipoanzia. Kutoka hapo ulienea katika mashamba ya wananchi. Huko hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu kama Ulaya. Mkulima mwenyewe huulaza na kuuamsha kwa kuupogoa, na hivyo huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Aina moja ya zabibu nyeusi imepata hata jina la huko, Makutupora. Basi mkulima wa Dodoma asidhani kwamba atafanikiwa kwa kuiga Vougeot katika kila jambo. Udongo wake ni mwingine, jua lake ni jingine. Jambo la kuiga ni moja: kutembea shambani kwake, kulinganisha mstari na mstari, kukumbuka, na kuwaambia watoto.

Tena mkoa ule ule wa Dodoma watufundisha lile somo la kapu mgongoni. Katika Kondoa ardhi iliporomoka vibaya hata yakapatikana makorongo ya kutisha. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu iliyoharibika zaidi ili majani yapate kuota. Ilikuwa dawa chungu kwa wafugaji. Ni afadhali kubeba kapu moja kila mwaka kuliko kuhamishwa kwa sababu hakuna tena cha kubeba.

Na juu ya mgawanyo wa mashamba, jamaa nyingi zinazosoma gazeti hili zinaujua uchungu wake. Baba hufa, ndugu hukutana, kamba huvutwa, mipaka huchimbwa. Mara nyingi wagawanyao hupima kwa hatua tu: hatua hizi zako, hatua hizi zangu. Lakini tumeona Vougeot kwamba hatua mia za juu si sawa na hatua mia za chini. Anayepokea sehemu ya mteremko hupokea na kazi ya kuzuia mmomonyoko. Anayepokea bondeni hupokea na udongo wa nduguye unaoshuka kwa mvua. Kama wa juu hakuweka matuta, wa chini atafukiwa. Kama wa chini hakuruhusu mfereji, wa juu hatapata pa kupitisha maji. Wamiliki wawe wawili au themanini, mvua hunyesha juu yao kana kwamba shamba ni moja.

Twawasihi basi akina baba: kabla hamjachoka, watembezeni watoto wenu katika shamba, si kuwaonyesha mipaka tu, bali udongo. Waambieni hapa maji hutuama, hapa mawe yako karibu, hapa migomba ilikataa mwaka fulani, hapa bibi yenu alipata maharage mazuri. Mipaka yaweza kuandikwa katika hati na kutunzwa ofisini. Elimu ya udongo haitunzwi na mtu yeyote isipokuwa yule aliyefundishwa na mzee wake, huku wote wawili wamesimama shambani na jembe mkononi. Wamonaki wa Cîteaux hawakuwa na watoto wa damu, lakini walipokezana elimu hiyo kwa muda wa karne nyingi. Ingekuwa aibu kama sisi, tulio na watoto, tungeshindwa kuipokeza hata mara moja.